Madai Yaliyolala Benki

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Imeingia dukani kwa chini ya mlango, nimehamisha rimu nne za karatasi na kuzipandisha mezani. Daftari hili limerudishwa na mteja kwa sababu mistari yake imechapwa mshazari. Halitauzika tena, basi naliandikia mwenyewe.

Wateja saba tu. Mmoja ni Mwalimu Desimali, aliyenifundisha hesabu darasa la sita na ambaye hadi leo akiingia dukani kwangu najikuta nimesimama. Ameleta barua ya kurasa mbili, ya mkono, anataka niichape na kutoa kopi sitini na moja. Ni ya mbunge wetu. Inasema hivi, kwa ufupi: kwa miaka mitatu benki ilikuwa ikikata watu "ada ya ulinzi wa akaunti" ambayo hawakuiomba. Mwaka jana, mwezi wa tisa, mamlaka inayosimamia benki ikaamuru kila mteja ambaye hakukubali kwa maandishi arudishiwe. Watu wakajaza madai. Madai yamelala huko hadi leo. Mbunge aombwe aulize bungeni.

Mama yangu ni wa kumi na nne kwenye orodha. Yeye ni mkunga mstaafu, pensheni yake hupitia benki hiyohiyo. Kwa magoti yake, ngazi za ofisi ya mbunge haziwezi, kwa hiyo Ijumaa nitakwenda mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Ofisi ya mbunge iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Benchi mbili, feni isiyozunguka, na mlango wa ndani ambao hatujauona ukifunguka. Tulikuwa ishirini na kitu. Katibu wa mbunge ni kijana mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye vifungo. Alitusikiliza wote, akaandika, akasema, "Mheshimiwa amelipokea. Linafanyiwa kazi."

Desimali akamuuliza, "Kazi gani?"

"Ile inayotakiwa, Mwalimu."

Tukashuka. Kijana ana adabu, lakini maneno yake ni kama chai ya msibani, yanagawiwa kwa wote na hayana sukari.

Jumapili, 10 Machi

Mdogo wangu alikuja kula na sisi. Yeye ndiye anayekaa kaunta namba tatu kwenye benki hiyohiyo, na tangu aajiriwe Mama hajaacha kumsifia kwa majirani. Nilimsimulia habari ya Ijumaa. Alikuwa anamenya chungwa, akaendelea kumenya.

"Achaneni na mambo hayo, dada," akasema. "Watalipwa tu. Kuandamana kwenye ngazi za watu hakusaidii."

Nikaona anailinda kazi yake. Ni haki yake. Mama alikuwa akiangalia mvua.

Ijumaa, 15 Machi

Linafanyiwa kazi.

Ijumaa, 22 Machi

Katibu hayupo. Mvua ipo.

Jumanne, 26 Machi

Leo nimegombana na Desimali kwa sababu ya mkato. Barua ya tatu kwa mbunge, nimeichapa vizuri, akaikalia nusu saa akiisoma kwa rula, mstari kwa mstari, halafu akasema mkato wa aya ya pili unabadilisha maana. Nikamwambia mbunge hasomi mikato. Akasema, "Asiposoma yeye, atasoma wa benki." Nikachapa upya. Hakulipa hata ya kwanza. Mwaka ule wa darasa la sita nilimwogopa, sasa ananichosha tu. Nadhani ana muda mwingi kuliko shughuli, na sisi ndio shughuli.

Ijumaa, 5 Aprili

Benki imejibu, kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Katibu alitusomea akiwa amesimama: madai yote sitini na moja yamekataliwa. Kila mdai, wanasema, alitia saini fomu ya kukubali huduma, na fomu zipo kwenye mafaili.

Fundi viatu, ambaye huwa mcheshi, alikuwa wa kwanza kusema. "Mimi niliitwa kaunta mwaka jana kuhuisha taarifa zangu. Nilisaini karatasi. Basi ndiyo hiyo?"

"Mimi pia," akasema mwingine. Na mwingine.

Desimali akauliza kama benki inaweza kutoa nakala. Katibu akasema mteja akiomba kwa maandishi, lazima wampe. Kisha akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza hakuzungumza kama tangazo. "Nisikilizeni. Mheshimiwa hawezi kusimama bungeni na malalamiko. Watamcheka. Nileteeni karatasi moja ambayo benki haiwezi kuikana. Moja tu. Mwisho wa kupokea maswali ya kikao hiki ni tarehe kumi na saba Mei. Baada ya hapo mpaka mwakani."

Nimerudi dukani nikachapa barua za kuomba nakala mpaka vidole vikafa ganzi.

Jumatatu, 15 Aprili

Nitaandika taratibu ili nisikosee.

Desimali alileta fomu ishirini na tatu ambazo benki imezitoa, ikiwemo ya Mama. Alitaka kopi moja moja kwa ajili ya faili lake. Ya Mama ilikuwa imefifia, nikaikuza ili isomeke. Saini ni yake, ile herufi ya kwanza anayoizungusha kama kikapu. Tarehe ni ya Februari, miaka mitatu iliyopita, mwezi uleule ada ilipoanza kukatwa.

Chini kabisa, pembeni kushoto, kulikuwa na mstari mdogo kama mchanga. Ulipokuzwa ukasomeka. Ni alama ya kiwanda cha uchapaji: namba ya oda, idadi ya nakala, mwezi na mwaka wa kuchapwa. Naijua kwa sababu vitabu vyangu vya risiti vinakuja na alama kama hiyo. Fomu ilichapwa mwezi wa kumi mwaka jana.

Yaani Mama alitia saini karatasi zaidi ya miaka miwili na nusu kabla haijachapwa.

Nikakuza nyingine kumi. Zote mwezi wa kumi mwaka jana, mwezi mmoja baada ya mamlaka kutoa amri. Hapo ndipo nilipoiona hiyo karatasi moja ya Katibu, na moyo ukaniruka kwa furaha. Furaha hiyo ilikaa kama dakika mbili. Kisha nikaziangalia tarehe zenyewe. Saini ni za watu mbalimbali, lakini tarehe zote kumi na moja zimeandikwa na mkono mmoja. Sifuri haijafungwa juu. Mbili ina mkia unaopita chini ya mstari. Mimi ndiye niliyemshika mkono mdogo wangu akijifunza kuandika mbili, na huo mkia nilijaribu kumwachisha mwaka mzima.

Desimali alirudi jioni kuchukua kopi zake. "Umeona chochote?"

Nikasema, "Sijaona."

Nilimpa kopi za kawaida, ambazo mstari ule hausomeki. Zile nilizokuza, pamoja na nakala zangu za nyingine zote, nimezifungia kwenye droo.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua. Duka limefungwa saa sita.

Ijumaa, 19 Aprili

Sikwenda. Nilisema mashine imeharibika.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilitafuta fomu yenye mkono mwingine. Kama ingekuwepo hata moja, ningeipeleka hiyo, na yaliyobaki yangekuwa ya mtu mwingine na dada yake. Zote ishirini na tatu ni za mdogo wangu.

Jumamosi, 27 Aprili

Nilimkuta nyumbani kwake anapiga pasi sare ya kazini. Shemeji, mume wake, alikuwa amelala chumba cha pili. Tangu Januari hana kazi, analala mchana ili usiku apate kuwaza. Nikamwekea ile kopi juu ya meza ya pasi.

Aliiangalia. Akazima pasi, akaisimamisha.

"Hii ya Mama," akasema.

"Ya Mama. Na ishirini na mbili nyingine."

"Umemwonyesha nani?"

"Wewe."

Akakaa. Hakulia, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa hiyo sikujua niweke wapi mikono yangu. Akaniambia bila kupamba. Meneja alileta boksi la fomu mpya siku ya Jumatano. Akasema ni marekebisho ya mafaili tu: mteja anasaini, tarehe itaandikwa na benki, na iwe ya siku huduma ilipoanza, siyo ya leo. Walikuwa wawili kaunta. Mwenzake akasema hajisikii vizuri, akaenda nyumbani, na mwezi uliofuata mkataba wake haukuongezwa.

"Na wewe ukabaki."

"Nikabaki. Watoto wako shule, mume wangu alikuwa ameshaambiwa kampuni inapunguza watu. Ulitaka nijisikie vibaya na mimi?"

Nikaigusa ile kopi.

"Ya Mama je?"

"Ya Mama niliipeleka nyumbani Jumapili. Nilimwambia ni kuhuisha taarifa." Aliikunja sare ambayo haijaisha kupigwa pasi. "Sasa unataka nini, dada?"

"Uniambie nifanye nini."

"Hilo huwezi kuniuliza mimi."

Ni kweli. Nimerudi kwa miguu, nimelowa mpaka ndani ya viatu, na njia nzima nilikuwa namkasirikia Desimali, ambaye hakufanya lolote ila kuuliza swali.

Ijumaa, 3 Mei

Nilikwenda. Kati ya watu sitini na moja tulikuwa tisa. Fundi viatu alisema mbele ya wote, "Mwalimu, tumepigwa danadana vya kutosha. Mimi nina viatu vya watu vinanisubiri." Akaondoka. Desimali alikuwa anakohoa, koti lake linatoa maji kama limefuliwa sasa hivi. Akaniomba nihesabu waliobaki, akaandika "9" kwenye faili lake kwa makini yaleyale kama zamani alipoandika maksi zetu.

Tulipokuwa tunashuka alishika ukuta. Nikamshika mkono. Ni mwepesi mno.

Ijumaa, 10 Mei

Saba.

Jumapili, 12 Mei

Mdogo wangu hajaja kula kwa wiki ya tatu. Leo Mama aliweka sahani tatu, akaiondoa moja, akaniambia, "Kaa. Una jambo, na jambo lenyewe liko kwenye droo yako ya dukani, maana kila ukirudi unashika mfuko wa ufunguo."

Nikamweleza. Nilianza na kiwanda cha uchapaji, nikazunguka, nikachelewa kufika kwa mdogo wangu. Akanisubiri mpaka nikafika.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Mama?"

"Nilijua siku ileile. Yeye alidhani miwani iko kabatini. Ilikuwa hapa shingoni, ndani ya khanga. Niliisoma karatasi yote. Nikaona pale pa tarehe pako wazi, nikajua patajazwa."

"Na ukasaini?"

"Mikono ilikuwa inamtetemeka. Mimi nimeshika mikono ya wanawake wanaojifungua miaka thelathini na mbili, naijua mikono inayoogopa. Nikajiambia, dai nimeshajaza, likikataliwa na likataliwe, hicho kinachokatwa kwangu nitakivumilia, na mwanangu atabaki na kazi yake." Akaishika ile miwani. "Siku ile sikujua kwamba wako sitini. Nilidhani ni mimi peke yangu, na mimi nina haki ya kujidhulumu. Sina haki ya kumdhulumu fundi viatu."

Nikamuuliza nifanye nini. Yeye alijibu.

"Peleka ya kwangu. Wakiuliza ilisainiwa lini, nitasema mwenyewe."

"Na yeye?"

"Yeye nitakwenda kumwambia kabla hujapeleka. Asisikie kwa watu."

Alichukua mwavuli na kutoka, na magoti yake yale. Alikaa huko saa mbili. Aliporudi alivua viatu mlangoni, akasema, "Amesema peleka," akaingia chumbani kwake. Waliyozungumza sikuambiwa na sitauliza.

Jumanne, 14 Mei

Nilianza kwa Desimali. Nikamwambia nilidanganya, nikamwambia na sababu. Aliisoma kopi kwa rula yake, mpaka ule mstari wa chini. Nilitegemea hotuba. Akasema tu, "Mwezi mmoja tu umekaa nalo. Si haba, kwa jambo zito namna hiyo," na akanipa kitambaa, ndipo nikagundua nalia.

Tukaenda pamoja kwa Katibu ingawa siyo Ijumaa. Kijana aliisoma ikiwa mkononi mwangu, kisha akaichukua, kisha akaenda kufunga mlango wa ngazi.

"Mama Kopi, unaelewa hii ni nini?"

"Naelewa kuliko wewe."

"Aliyeandika tarehe atatafutwa. Benki itasema ni yeye peke yake."

"Tunajua."

Akatuangalia mmoja mmoja. Halafu akafungua ule mlango wa ndani, ambao kumbe nyuma yake kuna stoo ya karatasi na kitanda cha kukunja chenye shuka. Anaishi humo. Akachukua koti la mvua na mkoba. "Basi la saa tisa nitaliwahi," akasema. "Nikiituma kwa barua pepe itakaa kwenye foleni na nyingine. Nitamwekea mezani mwenyewe."

Nilikuwa nimemwona ni mtu wa maneno matupu. Nadhani alikuwa mtu asiye na kitu cha kubeba.

Ijumaa, 17 Mei

Ujumbe wa Katibu: swali limepokelewa. Lina namba.

Jumatano, 29 Mei

Siku ya tatu bila mvua. Nimeanika rimu zilizoloa. Zimekunjamana, zitafaa kufungia.

Jumanne, 11 Juni

Nilileta redio dukani. Walikuja wengi, hata wale walioacha kuja ofisini, hata fundi viatu na kiatu mkononi. Mama alikaa kwenye kiti changu.

Mbunge ana sauti nyembamba kuliko picha zake. Aliuliza swali kama lilivyoandikwa, kisha akasoma alama ya kiwanda, neno kwa neno, na tarehe ya saini. Akauliza kama serikali ina maelezo ya mteja anayesaini karatasi ambayo haijazaliwa. Ukumbini wakacheka. Dukani hakuna aliyecheka. Naibu waziri akasema suala hilo linafanyiwa kazi, na fundi viatu akakishusha kiatu. Lakini mwenye sauti nyembamba hakukaa. Akaomba swali la nyongeza: lini? Zikasikika karatasi zinafunuliwa. Naibu waziri akajibu: watu watarudishiwa ndani ya siku kumi na tano za kazi. Fomu zote zilizochapwa baada ya amri hazitahesabika.

Watu walitoka mmoja mmoja wakimpa Desimali mkono. Yeye alikuwa anaandika.

Ijumaa, 14 Juni

Mdogo wangu amesimamishwa kazi. Barua inasema alijaza tarehe "kwa utashi wake binafsi".

Jumatano, 19 Juni

Alikuja dukani saa nne, akapanga foleni nyuma ya watu wawili. Zamu yake ilipofika akasema anataka kuchapiwa maelezo ya kikao cha nidhamu. Akasoma kutoka kwenye karatasi, mimi nikichapa. Boksi, Jumatano, maneno ya meneja, jina la mwenzake aliyekwenda nyumbani, ambaye amekubali kuja kusema. Alipofika "nilimpelekea hata mama yangu mzazi" akaacha kusoma. Sikugeuka. Nilisubiri na vidole juu ya vitufe, na alipoendelea nikaendelea.

Kurasa mbili. Nikamwambia achukue tu. Akaweka hela kwenye kaunta, akataka risiti.

Jumanne, 2 Julai

Wamerudishiwa. Simu zimelia mji mzima tangu asubuhi. Fundi viatu amekuja kunionyesha ujumbe wake mara mbili, ya pili akiwa amesahau ya kwanza.

Desimali alitaka nichape orodha ya mwisho, nani amelipwa na nani bado. Sitini na moja, wote wamelipwa. Nikaipitia kwa rula, nimeambukizwa. Jina lake halimo.

"Mwalimu, umejisahau."

"Sikujisahau. Mimi nilijiunga na huduma hiyo siku ya kwanza. Nilisoma, nikaelewa, nikasaini. Sina ninachodai."

"Miezi minne umepanda ngazi zile kwa ajili gani?"

Alikunja orodha katikati, sawasawa, akaiweka mfukoni. "Wengi wao niliwafundisha kutoa," akasema. "Niliona wanatolewa."

Akalipa deni lake lote la kuchapa, pamoja na ile barua ya mkato.

Jumanne, 9 Julai

Kikao cha nidhamu. Tuliingia benki kwa mlango wa nyuma, ghorofa ya pili. Mama alipumzika mara tatu kwenye ngazi na hakukubali kubebwa. Chumbani walikuwa maofisa watatu kutoka makao makuu, wenye maji ya chupa. Meneja hakuwepo. Tulisikia amehojiwa wiki iliyopita na hajarudi kazini.

Mdogo wangu alisoma maelezo yake. Mwenzake wa zamani akasema yake kwa ufupi. Kisha wakamwita Mama, na yule ofisa wa katikati akaangalia makaratasi, akachanganyikiwa.

"Hapa nina jina lako kama mteja aliyelalamika. Na hapa umeletwa kama shahidi wa mtumishi. Wewe ni mlalamikaji, mama, au ni shahidi wake?"

"Vyote viwili."

"Lazima niandike kimoja."

"Alinikosea, na alilazimishwa. Sioni utaacha kipi. Andika vyote viwili."

Ofisa alimtazama, kisha akaandika. Mstari haukutosha, akamalizia pembeni.

Walitutoa nje nusu saa. Kwenye korido kulikuwa na kiti kimoja, akakaa Mama, sisi tukasimama huku na huku kwake. Wakamwita mdogo wangu peke yake, akatoka na bahasha: onyo la maandishi, na mwaka mmoja asikae kaunta.

Mama hakuisoma. Alimuuliza, "Wamekufukuza?"

"Hapana, Mama."

"Basi nishike mkono, tushuke. Huku juu kuna baridi."